Wakuu, baada ya "pick up", "drop off", "check out" mnajuaje muweke at, from au of?

kaunta_ya_mbele ameandika:

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Arusha, nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii, sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kujibu imeli na meseji za WhatsApp za wageni, wale ambao bado hawajafika na wale ambao tayari wapo porini. Kuna eneo moja la Kiingereza ambalo naona linapitwa juu juu kila mahali na ningependa tulijadili hapa kwa kina.

Zile "phrasal verbs" tulizokaririshwa sekondari, yani vile vitenzi vya maneno mawili, mwalimu alikuwa anaandika orodha ubaoni, put off kuahirisha, give up kukata tamaa, turn down kukataa, ikaishia hapo. Lakini kwenye maongezi ya kawaida vile vitenzi havikai peke yake, nyuma yake karibu kila mara kuna mahali au muda au mtu, na hapo ndo zinapoingia at, from, of, to. Meseji za wageni huwa zinakuja hivi:

"We're checking out of the lodge at ten. Can you pick us up from there and drop us off at the airport on your way back to town?"

Ukisoma unaelewa bila shida. Ukikaa upande wa kuandika ndo maswali yanaanza, kwanini check out OF na sio check out FROM wakati mtu anatoka mahali? Pick up from na pick up at zote nazisikia, zina tofauti au ni mapenzi ya mtu? Alafu kuna hili, kwenye kundi moja la wageni mmoja aliandika "we ran out of water", mwenzake akaandika "the elephants ran out of the bush". Maneno matatu yale yale na kwa mpangilio ule ule, moja maji yameisha, nyingine tembo wametoka kichakani mbio. Mtu anayejifunza atajuaje?

Naomba mwenye uelewa anipe namna ya kuliona jambo lenyewe linavyofanya kazi, orodha za kukariri ninazo nyingi tayari.

Mwl_Korogwe amejibu:

Mkuu umeuliza jambo la maana sana, mimi nafundisha Kiingereza sekondari na hapa ndo huwa natumia vipindi vingi kuliko mahali pengine popote. Kwanza ujue sio tabu ya Waswahili tu. Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, kwenye dibaji yake alishaandika kwamba hivi vijineno vinavyofuata vitenzi ndo vinawapa wageni ugumu kuliko vyote.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kwenye sentensi za namna hiyo kuna vijineno vya aina mbili vinavyofanana sura. Kuna ambacho ni cha ukoo wa kitenzi, na kuna ambacho ni cha ukoo wa nomino inayofuata, hicho cha pili ndo kihusishi chenyewe. Chukua "drop us off at the airport", off ni ya drop, at ni ya the airport. Ukishauona mpaka wa hizo koo mbili umemaliza nusu ya kazi, kwasababu ile at haijachaguliwa na drop off hata kidogo, imechaguliwa na airport. Ndo maana mgeni huyo huyo kesho atasema drop us off in town, drop us off on the main road, drop us off near the Clock Tower, kitenzi ni kile kile, kihusishi kinafuata mahali palivyo. Kwahiyo usihangaike kukariri kwamba drop off inaenda na at, haiendi na at, inaenda na mahali popote utakapopataja.

Mpaka upo wapi? Kata sentensi pale baada ya kijineno cha kwanza uone kama maana inabaki ile ile. "He turned up at the office", kata, "He turned up", alitokea, maana ipo. "They grew up in Tanga", kata, "They grew up", walikua, maana ipo. Sasa jaribu "I can't put up with this noise", siwezi kuvumilia kelele hizi, kata, "I can't put up", sentensi imekufa. "We came up with a plan", tulibuni mpango, kata, "We came up", haijafa ila maana imehama kabisa, sasa wamepanda juu. Zile zinazokufa au kuhama maana ndo vitenzi vya maneno matatu, pale kihusishi kimeshaozwa kwenye ukoo wa kitenzi na hakirudi kwao. Hizo ndo pekee unazolazimika kuzijua kama zilivyo, put up with, come up with, look forward to, get away with, look down on, look up to. Wala sio nyingi kama watu wanavyoogopa.

Hao tembo wako sasa. Mbali na kukata kuna kubadilisha. Tembo ran out of the bush, ran into the bush, ran through the bush, ran across the road, unaweza kubadili utakavyo na kila mara unajibu swali la wapi. Maji hayabadiliki hivyo, huwezi kusema "we ran into water" ukimaanisha mmepata maji. Hapo run out tayari ni kuishiwa, na of inakuja kutaja mlichoishiwa. Ndo maana ukiulizwa kama sukari ipo unaweza kujibu tu "we've run out", of haihitajiki kwasababu kitu chenyewe kimeshatajwa.

Mfano mwingine ambao wanafunzi wangu wanaushika haraka ni turn off. "Turn off the light" na "turn off the main road at Chalinze". Taa unaweza kusema turn the light off, turn it off. Barabara hapana, hakuna mtu anasema turn the road off, kwasababu off kwenye barabara ni kihusishi, ni ya the road, wewe unaiacha barabara kuu pale Chalinze unaelekea Tanga. Na sikiliza sauti, anayesema habari ya taa akiweka it, off inapigwa kwa nguvu, turn it OFF. Kihusishi kidogo kama at kwenye "look at it" sauti yake inamezwa kabisa, husikii vizuri. Masikio yakizoea hiyo tofauti utakuwa unaijua sentensi kabla hujaichambua.

Kuhusu check out of nitamwachia mwingine, natoka kidogo, nitarudi.

kuandika_sauti_nbo amejibu:

Mwalimu ameeleza poa sana. Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni transkripsheni, mtu anatuma sauti ya mkutano ama mahojiano na mimi naandika neno kwa neno, kwa hivyo hizi vitu nakutana nazo siku nzima masikioni.

Swali la check out of. Ukisikiliza wenyewe wakiongea utagundua kila kijineno kiko na mwenzake wa kawaida. Out mwenzake ni of. Get out of the car, move out of the house, drop out of school, log out of the account, talk your way out of trouble, check out of the lodge. Out ikishataja kwamba mtu ametoka, of inakuja kutaja ametoka wapi, na hiyo ni ya Kiingereza chote si ya check pekee. From inapenda kukaa na back, away na up, come back from leave, get away from the crowd, pick up from the lodge. Down mara nyingi iko na on, cut down on sugar, look down on people, crack down on kitu fulani. Na up with ziko na familia kubwa, keep up with, catch up with, end up with, meet up with. Ukijua hizo jozi, kitenzi kipya kikikuja na out unaanza kukisia of na mara nyingi utapata.

Ila kuna tofauti ya Marekani na Uingereza lazima uijue. Mwingereza kwa kawaida anasema looked out of the window, Mmarekani looked out the window, anaacha of. Tena Wamarekani wengi wakiongea wanasema get off of the bus, wanaongeza of ambayo Mwingereza hana haja nayo. Fomu Mwingereza anasema fill in, Mmarekani fill out. Zote ziko sawa kwao, wewe andika vile mteja wako anaandika.

Pick up at na pick up from, tofauti iko ndogo lakini iko. At ni mahali pa kukutana, "pick us up at the gate", mimi nimesimama hapo geti nangoja. From ni mahali safari inaanzia, "pick us up from the lodge". Mahali mara nyingi zote mbili zinaingia. Ikiwa ni kitu uko unachukua kwa mtu hapo ni from pekee, "pick up the keys from the driver".

Na kuna jambo moja la huku kwetu ambalo ningependa watu wa kazi za wageni walizingatie. Kiingereza cha Afrika Mashariki kinapenda kukata kijineno, mtu anasema "I will pick you at the airport", "drop me at the stage", stage kwetu ni kituo cha matatu. Hiyo ya drop haina shida, hata wenyewe wanasema. Ile ya pick ndio inawachanganya, kwa sababu pick you bila up kwa Mmarekani ama Mwingereza ni kukuchagua kati ya wengi. Andika pick you up. Kisha tunaongeza penye hapahitajiki, cope up with, wenyewe ni cope with tu, nafikiri hiyo up imeazimwa kutoka keep up with. Na result into, wao ni result in.

Ya mwisho ni ya kuandika, wanaoandika imeli waishike. In to na into hazifanani. "He turned himself in to the police" ni kujisalimisha, turn in ni kitenzi, to ni ya the police. Ukiunganisha ukaandika into, sasa amejigeuza akawa polisi. Sawa na move on to the next item, on ni ya move, to ni ya item, wacha nafasi katikati. Ule mpaka wa koo ambao mwalimu amesema unaonekana mpaka kwenye nafasi ya kibodi.

binti_pangani amejibu:

Nimefurahi kuona huu uzi, naomba niongeze jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni kwanini sisi hasa linatusumbua.

Kiswahili kinaweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Ingia, toka, panda, shuka, rudi, vuka, pita. Mahali tunapaacha palivyo. Angalieni, nipo sokoni, naenda sokoni, nimetoka sokoni, nimepita sokoni. Ile -ni haijabadilika hata mara moja, kitenzi ndo kinafanya kazi yote ya kusema mtu anaelekea wapi. Kiingereza kimegawa kazi hiyo, kitenzi kinasema namna ya kwenda, run, walk, drive, kijineno kinasema mwelekeo, out, up, back, alafu kihusishi kinakuja kutaja mahali. "She ran back out to the car" kwetu ni alitoka tena akakimbilia kwenye gari, vitenzi viwili na kiambishi cha kutendea kwenye kimbilia, wao kitenzi ni kimoja tu. Mwanaisimu Leonard Talmy wa Marekani ndo aliyeziweka lugha za dunia kwenye makundi mawili kwa kigezo hicho, wapi lugha inaweka njia ya mwendo, ndani ya kitenzi au pembeni yake. Kiingereza kipo upande wa pembeni, Kihispania na Kifaransa wapo upande tuliopo sisi.

Kwahiyo kaka wa kaunta, ukitaka kuandika sentensi usianze na kitenzi cha Kiswahili ukakitafutia mwenzake, maana ukianza na toka utaandika exit from kila mahali na sentensi itakuwa nzito kama tangazo la serikali. Jiulize maswali kwa mpangilio wao, anaendaje, mwelekeo upi, kutoka au kwenda wapi, saa ngapi. Walk, back, to the camp, before dark. Walk back to the camp before dark. Muda unakaa mwisho, mahali kabla ya muda, na ukitaja at mara mbili haina ubaya, drop us off at the airport at six ni sentensi safi kabisa.

Panda na shuka ndo zinatudanganya zaidi. Sisi tunapanda basi, tunapanda gari, tunapanda ndege, tunashuka vyote. Wao basi, treni na ndege ni get on na get off, gari dogo na teksi ni get into na get out of. Chombo ambacho ukishaingia unasimama na kutembea ndani yake kinachukua on, kile ambacho unainama ukakaa moja kwa moja kinachukua in.

Na kwa mwalimu, shikamoo, kuna vitenzi vya maneno matatu ambavyo vinataka kitu katikati. "He took it out on me", alinimalizia hasira zake mimi. "They talked her out of the trip", walimshawishi asiende. "I put it down to the weather", naona hali ya hewa ndo sababu. Hivyo navyo vinakatwaje?

Mwl_Korogwe amejibu:

Marahaba binti. Hivyo vinakatwa pale pale, baada ya kijineno cha kwanza. "He took it out", alikitoa nje, maana imehama, basi on ni ya ukoo wa kitenzi. "They talked her out", haisimami, of ni ya kitenzi. Kanuni ya kiwakilishi nayo inabaki, it au her inakaa kati ya kitenzi na kijineno, haiendi nyuma. Pick us up, drop them off, talked her out of. Kamwe sio pick up us.

Ila nomino ndefu inaweza kukaa nyuma na hapo naomba wa utalii wanisikilize vizuri, kwasababu hapa ndo dereva anaweza kwenda njia isiyo yake. "Pick up the guests from Nairobi." Inasomeka kwa njia mbili. Kwanza, wachukue wale wageni wa Nairobi, ambao sasa hivi wanaweza kuwa wamekaa hapo Arusha hotelini. Pili, nenda Nairobi ukawalete. From hapo haijulikani ni ya guests au ni ya pick up. Ukiandika "pick the guests up from Nairobi" umeiweka up katikati yao, from haiwezi tena kuikumbatia guests, maana inabaki kwenda kuwaleta. Ukitaka ile ya kwanza andika "pick up the Nairobi guests at the hotel". Sogeza neno moja tu na dereva hawezi kubahatisha.

kaunta_ya_mbele ameandika:

Asanteni sana, mwalimu, dada wa Pangani na ndugu yetu wa Nairobi. Hiyo ya wageni wa Nairobi nimeichukua kama ilivyo, huku kwetu shuttle za Nairobi zipo kila siku na madereva wanasoma meseji wakiwa na haraka.

Nimejaribu kuandika kwa mpangilio mlionipa, naomba mnikagulie: "Our driver will pick you up from the lodge at ten and drop you off at the airport by noon. If anything comes up on the way, please get back to me on this number. We look forward to welcoming you back to Tanzania."

Swali langu ni moja, look forward to welcoming au to welcome? Alafu kuna by noon, nimeweka by kwa kuhisi tu, kwenye Kiswahili ningesema hadi saa sita.

kuandika_sauti_nbo amejibu:

Iko sawa kabisa, tuma hivyo. To welcoming ndio yenyewe, hiyo to ni kihusishi, si ile ya to go, to eat. Ijaribu na nomino, look forward to your visit, imekubali, basi ujue ni kihusishi na kitenzi kikifuata kinavaa -ing.

binti_pangani amejibu:

By umepatia. Hadi na mpaka za kwetu zinabeba vitu viwili ambavyo Kiingereza kimevitenganisha. By ni kabla ya muda huo kitu kiwe kimeshafanyika, until ni hali inaendelea mpaka muda huo ufike. Kitenzi chenyewe ndo kinakuambia uchukue ipi. Hand in ni tendo la mara moja, hand it in by Friday. Put off ni kusogeza mbele, kitu kinabaki kinasubiri, put it off until Friday. Drop off ni mara moja, kwahiyo by noon. Stay on ni kuendelea kukaa, mgeni akitaka kuongeza siku ataandika "can we stay on at the lodge until Sunday", at ya mahali, until ya muda. Mwambie mgeni wako "I'll get back to you by Friday" atajua jibu linakuja kabla Ijumaa haijaisha, ukiandika until Friday hatakuelewa kabisa.